Habari za Afya Ziko Tele, Mwenye Kuzifikisha Yuko Wapi?

  Vuta kiti, msikilizaji. Tuna dakika ishirini hivi, na maneno ni mengi.

Leo nataka tusafiri kidogo, twende Marekani. Na tukifika huko hatutakaa na wakubwa wa Washington. Tutakaa na watu wanaochuma matunda, wanaoosha vyombo hotelini, wanaoezeka mapaa na kulea watoto wa wenzao. Nazungumzia Walatino, yaani watu wa asili ya nchi zile zinazosema Kihispania. Na swali letu la leo ni hili: mtu wa namna hiyo akiumwa, habari za afya anazipata wapi, na msaada anaupata kwa nani?

Kabla hatujawafikia wao, nikuulize wewe. Ukigundua uvimbe mwilini leo usiku, mahali ambapo jana hapakuwa na kitu, mtu wa kwanza kumwambia ni nani? Sema kweli, hakuna anayekusikia. Daktari? Hata kidogo. Utamwambia dada yako, au jirani, au yule kijana wa duka la dawa pale kona. Na atakachokujibu huyo wa kwanza ndicho kitakachoamua kama utakwenda hospitali kesho, au mwezi ujao, au hutakwenda kabisa. Hilo naomba ulishike, maana nitalirudia.

Haya, Walatino ni akina nani? Ni zaidi ya watu milioni 60, karibu mtu mmoja katika kila watano wanaoishi Marekani. Lakini usiwaweke kapu moja. Kuna wenye asili ya Mexico, ambao ndio wengi zaidi, na baadhi yao ukoo wao ulikuwa Texas na New Mexico kabla bendera ya Marekani haijapandishwa huko. Kuna watu wa Puerto Rico, ambao ni raia wa Marekani tangu mwaka 1917, hawana habari na mambo ya viza. Kuna Wacuba wa Miami, kuna watu wa El Salvador waliokimbia vita, kuna Waguatemala waliovuka mpaka juzijuzi.

Na miili yao nayo haina hesabu moja. Kuna utafiti mkubwa ulioanza mwaka 2008 katika maeneo manne, Bronx ya New York, Chicago, Miami na San Diego, ukawaandikisha Walatino zaidi ya 16,000. Walipopimwa kisukari, wale wenye asili ya Mexico karibu 18 katika kila 100 walikuwa nacho. Wenye asili ya Amerika Kusini? Kama 10 tu. Tofauti hiyo si ndogo. Kwa hiyo mtu akikwambia nina kipeperushi cha afya kwa ajili ya Walatino, una haki ya kumuuliza: Walatino gani?

Kuna jambo jingine la kushangaza kidogo. Mwaka 1986 mtaalamu mmoja wa Texas, Kyriakos Markides, aliandika pamoja na mwenzake kwamba watu hawa, pamoja na umaskini wao na kukosa bima, kwa mambo mengi afya yao iko karibu na ya Wazungu wenye nafasi kuliko ya maskini wenzao. Wataalamu wamebishana tangu siku hiyo. Wapo wanaosema ni kwa sababu hawavuti sigara sana. Wapo wanaosema wanaohama ni wale wenye nguvu, wagonjwa hubaki nyumbani. Wapo wanaosema ni familia, kule kukaa bibi, binti na mjukuu chini ya paa moja. Kisha ikaja UVIKO-19 ikawapiga vibaya: viwanda vya nyama, mashamba, nyumba zilizojaa watu, kazi zisizofanyika kwa kompyuta ukiwa sebuleni. Umri wao wa kuishi ulishuka kwa miaka kadhaa kwa mkupuo. Familia ile ile iliyokuwa ngao, ndani ya nyumba ndogo ikawa njia ya virusi.

Sasa tumfuate mtu mmoja. Huyu nakuundia tu mimi, ila wenzake ni maelfu. Ni mama, anaishi mji unaoitwa Oxnard, pwani ya California, kaskazini-magharibi ya Los Angeles. Hapo ni mashamba ya stroberi mpaka macho yachoke. Mama huyu anainama tangu alfajiri, anachuma, anapanga kwenye kijisanduku cha plastiki, anakimbia nacho hadi kwa mhesabuji, anarudi. Ametoka jimbo la Oaxaca, kusini mwa Mexico. Na lugha yake ya kuzaliwa, msikilizaji, si Kihispania. Ni Kimixteco, lugha iliyokuwapo huko kabla Mhispania hajatia nanga. Kihispania chake ni cha kujinunulia mkate.

Siku hizi mama anapata kiu isiyokatika. Usiku anaamka kwenda haja ndogo mara nne, mara tano. Macho yanaona ukungu. Anasema ni jua la shambani. Wewe unayenisikiliza, hasa kama nyumbani kwenu kuna mgonjwa wa sukari, umeshajua hiyo ni dalili ya nini.

Je, habari za kisukari kwa Kihispania hazipo? Zipo, tena nyingi na nzuri. Maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani ina tovuti iitwayo MedlinePlus, na tangu 2002 ina upande wake wa Kihispania, imeandikwa kwa lugha nyepesi, haina tangazo la mtu anayetaka kukuuzia kidonge. Taasisi ya taifa ya saratani nayo ina kurasa zake na laini ya simu ya Kihispania. Ukitaka kujiandikisha bima kupitia soko la serikali, ipo tovuti ya CuidadoDeSalud. Hiyo ilichelewa kidogo: ya Kiingereza ilifunguliwa Oktoba 2013, ya Kihispania ikasubiri hadi Desemba, na unaweza kujiuliza mwenyewe kwa nini waliosubirishwa ni hao hao wanaoongoza kwa kukosa bima.

Habari zipo, msikilizaji. Sasa niambie, mama yetu wa stroberi atazisomaje? Kusoma kwenyewe kunamsumbua, Kihispania ni cha kuazima, simu yake ina bando la kuwapigia watoto waliobaki Oaxaca. Hapo ndipo neno langu la leo lilipo, nami nalisema waziwazi ili tusizunguke: shida ya watu hawa si uchache wa habari. Ni uchache wa watu wa kuzifikisha, watu wanaoaminika. Narudia. Habari ziko tele. Mwenye kuzifikisha ndiye adimu.

Mimi vipeperushi, nikiri tu, sivipendi. Vile vyenye picha ya familia inayocheka huku imeshika tufaha. Vimejaa kwenye meza za kliniki dunia nzima na vinafaa sana kufungia karanga.

Nani basi anafikisha? Wa kwanza, na hapa naona fahari kidogo kwa kazi yangu, ni redio. Kuna daktari wa saratani, Mperu, anaitwa Elmer Huerta. Alikuta wagonjwa wanaomjia hali ikiwa imeshaharibika, saratani imeshasambaa. Hoja yake ilikuwa nyepesi: watu hawa wanajua majina ya wachezaji wa mpira wote na visa vya tamthilia zote, kwa nini? Kwa sababu wanavisikia kila siku. Basi na afya waisikie kila siku. Mwaka 1989 akaanza kipindi kifupi cha redio kwa Kihispania huko Washington, dakika chache kila siku, leo mfuko wa uzazi, kesho presha, keshokutwa sigara. Miaka michache baadaye, 1994, akafungua kliniki ambayo watu walikwenda wakiwa wazima, hawaumwi popote, ili wapimwe. Na wengi wa waliokwenda walisema walimsikia redioni. Unajua ugumu wa kumtoa mtu mzima asiyeumwa nyumbani kwake, apande basi, apange foleni, achomwe sindano ya kupimwa damu? Daktari huyo mwaka 2007 akawa Mlatino wa kwanza kuwa rais wa chama cha saratani cha Marekani.

Kule California nako, mji wa Fresno, katikati ya mashamba, kuna Radio Bilingüe, iliyoanza kurusha matangazo tarehe 4 Julai 1980. Mwanzilishi wake, Hugo Morales, ni Mmixteco kutoka Oaxaca aliyekulia kwenye kuchuma matunda, akasoma sheria Harvard, kisha akarudi kwa wachumaji wenzake kuwafungulia redio. Na pale Oxnard penyewe, kwa mama yetu, kuna Radio Indígena, inayoendeshwa na shirika la jamii ya Wamixteco. Wakati wa UVIKO-19 redio hiyo ilikuwa inaeleza barakoa, vipimo na chanjo kwa Kimixteco, lugha ambayo ofisi nyingi za serikali hazikuwa hata na mtu mmoja wa kuizungumza. Mama anasikiliza akiwa shambani, simu mfukoni, sikio moja lina spika ndogo na jingine linamsikiliza msimamizi.

Tuseme siku moja redio inasema: kiu isiyoisha, haja ndogo usiku, macho ukungu, nenda kapime sukari. Mama anasimama kidogo. Ndiyo mimi huyu. Lakini aende wapi? Redio imemshtua, kumshika mkono haiwezi. Hapo anaingia mtu wa pili, naye ndiye ninayemtaka hasa leo.

Kwa Kihispania wanamwita promotora. Tanzania tuna wahudumu wa afya ngazi ya jamii, Kenya wapo wahamasishaji wa afya ya jamii wenye mikoba yao mgongoni. Promotora ni ndugu yao. Ni mwanamke wa mtaa ule ule, mara nyingi naye alishawahi kuchuma stroberi, hana digrii ya udaktari, amepewa mafunzo, na kila mtu anamjua. Kwa miaka mingi wengi walifanya kazi hii kwa kujitolea au kwa posho ya kubabaisha. California ilianza kulipia kazi yao kupitia Medi-Cal, bima ya serikali ya jimbo hilo kwa wenye kipato kidogo, Julai 2022. Yaani miaka mingi watu walifanya kazi ya serikali bila mshahara wa serikali. Hilo nadhani hulioni geni.

Promotora anafanyaje kazi? Haanzi na kisukari. Anaingia jikoni, anasalimia, anauliza watoto, anaonja maharage. Anaiona chupa ya soda ya lita mbili juu ya meza. Haisemi vibaya. Anauliza: hii mnamaliza kwa siku ngapi? Wanahesabu pamoja sukari iliyomo, kijiko kwa kijiko, mpaka mama mwenyewe anashika mdomo. Tortila haziondoki mezani, maana ukimwondolea Mmexico tortila umemwondolea chakula. Zinapungua kutoka sita hadi tatu.

Kisha anaona kitu kingine. Rafu ya juu, kijikaratasi kimekunjwa, ndani mna unga wa rangi ya chungwa iliyokolea. Hapa naomba unisikilize vizuri. Unga huo unaitwa azarcón. Upo na wa njano, unaitwa greta. Baadhi ya familia za Mexico huwapa watoto wenye tumbo lililovimba, wakiamini chakula kimenasa tumboni, hali wanayoiita empacho. Unga huo karibu wote ni madini ya risasi. Sumu tupu. Tangu miaka ya 1980 maofisa wa afya wa Marekani wameandika juu ya watoto waliodhurika kwa unga huo. Sasa daktari aliyevaa koti jeupe akimuuliza mama, unampa mtoto dawa za kienyeji? Atajibiwa nini? Hapana, daktari. Kila mtu duniani hujibu hivyo. Promotora hamuulizi hivyo. Anasema, bibi yangu naye alikuwa akitupa unga wa njano, nyumbani kwenu mlitumia upi? Na kijikaratasi kinashuka kutoka kwenye rafu chenyewe.

Unaona sasa kwa nini nasema mwenye kufikisha? Onyo kuhusu azarcón limo kwenye tovuti, limo kwa Kihispania, kwa herufi kubwa. Na unga bado uko juu ya rafu mpaka mtu anayeaminika aingie jikoni.

Haya, mama amekubali kupima. Anakwenda wapi, hana bima wala makaratasi ya uhamiaji? Hapa nina habari njema, tena yenye mguu wake Afrika. Marekani ina vituo vya afya vya jamii, zaidi ya elfu moja, vyenye matawi miji na vijiji. Vinapokea fedha za serikali kuu, na kanuni yao ni kwamba hakuna anayerudishwa mlangoni kwa kukosa pesa. Unaeleza kipato chako na ukubwa wa familia, unalipa kulingana na hapo, na aliye chini kabisa hulipa kidogo sana au halipi. Wazo hilo lilitoka wapi? Miaka ya 1940 madaktari wawili, mume na mke, Sidney na Emily Kark, walianzisha kituo mahali paitwapo Pholela, katika eneo la Wazulu, Afrika Kusini. Walitibu, lakini pia waliingia kwenye nyumba, bustani za mboga na visima, na walifundisha wenyeji kuwa wahudumu. Mwanafunzi mmoja wa udaktari kutoka Marekani, Jack Geiger, alikwenda huko mwaka 1957 akajifunza. Aliporudi kwao, yeye na mwenzake Count Gibson wakafungua cha kwanza Columbia Point, Boston, mwaka 1965, kisha kingine Mississippi. Kwa hiyo Mlatino anayepimwa presha leo Oxnard anakula matunda ya mti uliopandwa Uzuluni. Wamarekani wengi hawalijui hilo.

Walatino nao hawakukaa kusubiri kuletewa. Kweli, Rais Kennedy alitia saini sheria ya afya ya wafanyakazi wahamiaji wa mashambani mwaka 1962. Lakini miaka ya 1970 na 1980 watu wenyewe wakajifungulia kliniki: La Clínica de La Raza huko Oakland mwaka 1971, La Clínica del Pueblo pale Washington mwaka 1983, hiyo kwa ajili ya waliokimbia vita vya Amerika ya Kati. Na New York palikuwa na vijana wa Kipuertoriko walioitwa Young Lords. Hawa hawakuwa na subira. Jiji lilikuwa na lori la eksirei la kupima kifua kikuu, lakini saa zake hazikuwafaa watu wa kazi. Juni 1970 vijana wakaliteka, wakaliegesha mtaani kwao East Harlem, wakawaita watu, mamia wakapimwa. Sisemi ukateke gari la halmashauri, msikilizaji. Nasema tu kwamba mashine ilikuwepo, wagonjwa walikuwepo, kilichokosekana ni mtu wa kuwakutanisha saa ambayo mchuma jasho yuko nyumbani.

Turudi kwa mama. Amefika kituoni, dirisha la mapokezi. Binti yake wa miaka kumi yuko pembeni, na ndiye anayetafsiri. Hapa nasimama kidogo, kwa sababu jambo hili linawahusu pia Waswahili wengi walioko ng'ambo, hasa ndugu zetu Wakongo waliopelekwa Marekani kama wakimbizi.

Mtoto asitafsiri habari za mwili wa mama yake. Fikiria tu daktari anauliza kuhusu hedhi, kuhusu ndoa, kuhusu kupigwa. Au anatoa habari ya saratani, na wa kwanza kuisikia ni mtoto wa darasa la nne, ambaye anaamua mwenyewe alainishe vipi. Sheria ya Marekani ya haki za kiraia ya mwaka 1964, na baadaye sheria ya bima ya mwaka 2010, zinaitaka hospitali au kliniki inayopokea fedha za serikali kuu impe mgonjwa asiyejua Kiingereza mkalimani, bure. Na kanuni zinakataza kumtegemea mtoto isipokuwa kwa dharura. Si lazima mkalimani awe amekaa chumbani; mara nyingi ni sauti kwenye simu au uso kwenye skrini. Kihispania, Kimixteco, Kiswahili, haki ni moja.

Unaweza kuniambia, ndugu mtangazaji, mambo yamebadilika huko. Kweli. Machi 2025 Rais Trump alitangaza Kiingereza kuwa lugha rasmi, na akafuta agizo la mwaka 2000 la Rais Clinton lililozielekeza ofisi za serikali kuhudumia watu wa lugha nyingine. Lakini agizo la rais ni kitu kimoja na sheria iliyopitishwa na Bunge ni kitu kingine, na zile sheria mbili nilizozitaja hazikufutwa na agizo hilo. Kwa hiyo ukifika dirishani, sema lugha yako kwa jina na uombe mkalimani. Ukiambiwa hakuna, omba tena. Uliza msimamizi. Na ukiwa Mkongo usikubali kupewa Mswahili asiyeelewana nawe kwa aibu ya kusumbua watu. Sema, simuelewi, nitafutieni mwingine. Mama wa Kimixteco naye asikubali kupewa mkalimani wa Kihispania kwa sababu tu ametoka Mexico.

Sasa tumefika pagumu. Mkalimani yuko, kituo kipo, bei inawezekana, redio imesema, promotora amekuja. Na mama bado hataki kwenda. Kwa nini?

Anaogopa.

Na mimi sitamwambia asiogope, maana hofu yake ina sababu. Kwa miaka, maofisa wa uhamiaji walikuwa na mwongozo wa kuepuka hospitali, shule na makanisa. Januari 2025 mwongozo huo ulifutwa. Mwaka huo huo serikali kuu ikachukua taarifa za watu walioandikishwa Medicaid, bima ile ambayo California huiita Medi-Cal, wakiwemo wa California, ikazipeleka kwa idara inayosimamia uhamiaji, na majimbo yakaenda mahakamani kupinga. Julai 2025 palikuwa na msako mkubwa kwenye shamba la bangi, bangi ya halali kule, huko Camarillo, mji jirani kabisa na Oxnard. Mfanyakazi mmoja alianguka kutoka juu ya paa la banda la kuoteshea mimea, akafa. Unadhani habari kama hiyo inachukua muda gani kufika kwenye safu za stroberi? Na California yenyewe, iliyofungua Medi-Cal kwa watu wazima wa kila umri bila kujali makaratasi Januari 2024, ikaamua kuanzia Januari 2026 isiandikishe watu wazima wapya wasio na makaratasi.

Mtu anayetoa habari za afya akiyaficha haya, amekwisha. Hataaminiwa tena. Promotora mzuri anayasema kama yalivyo, kisha anaeleza kilichobaki. Kwamba kituo cha afya si ofisi ya uhamiaji. Kwamba mtu anaweza kuuliza kabla hajajaza fomu: taarifa hizi zinakwenda wapi, na swali hili nalazimika kulijibu? Kwamba chumba cha dharura cha hospitali, kwa sheria ya mwaka 1986, lazima kimpime na kumtuliza mtu yeyote aliye hatarini, awe na pesa au asiwe nazo. Bili itakuja baadaye, ndiyo, na bili ya Marekani inaweza kukuzidishia presha, lakini utakuwa hai kuibishania.

Na upo mlango mmoja ambao mimi naupenda kuliko yote. Ubalozi mdogo. Mexico ina balozi ndogo zipatazo hamsini Marekani, na Oxnard upo mmoja. Watu wanakwenda kuchukua pasipoti, vyeti, vitambulisho, na wanakaa saa nyingi kwenye viti vya plastiki. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kuanzia San Diego na Los Angeles, Wamexico wakafungua ndani ya ofisi hizo kitu kinachoitwa Ventanilla de Salud, yaani dirisha la afya. Unasubiri pasipoti, mtu anakuja na kifaa cha kuchoma kidole: njoo, tupime sukari, ni bure. Presha, ni bure. Umezidi? Shika hii, kituo hiki hapa, mwulizie fulani. Hawatibu, wanapima na kuelekeza. Na kwa mkataba wa Vienna wa mwaka 1963, ofisi hizo haziingiliki na askari wa nchi mwenyeji bila ruhusa. Mtu mwenye hofu anapumua akiwa humo. Aliyefikiria kuliweka dirisha hilo mahali ambapo watu wameshakaa na hawana la kufanya, huyo alikuwa anawajua watu.

Natamani balozi zetu zilione hilo. Lakini hayo ni ya siku nyingine.

Haraka haraka, kabla muda haujaniishia. WhatsApp: Walatino wanaitumia kama tunavyoitumia sisi, na uongo wa afya unapita humo kama unavyopita kwenye makundi yetu ya familia. Maji ya limau yanayoponya kila kitu, unayajua. Ukitumiwa, uliza aliyetuma ameipata wapi. Akisema imetumwa tu, iache ifie kwako. Na kuna namba 211, ambayo sehemu kubwa ya Marekani inakuunganisha na mtu wa kukuelekeza kwenye chakula, kodi ya nyumba, kliniki za karibu.

La mwisho ni la moyo. Mtu anachuma tangu alfajiri, watoto wako Oaxaca na bibi yao, mume hajaonekana tangu Jumanne. Hapati usingizi. Mikono inatetemeka. Wenyewe husema ni nervios, neva, basi, na hawataki neno lolote linalokaribia wazimu. Mwanamume ndiyo kabisa hasemi. Tangu Julai 2022 Marekani ina namba fupi ya simu kwa mtu aliyelemewa kiasi cha kufikiria kujiua: 988. Ukipiga, ukabonyeza 2, anakupokea mtu anayezungumza Kihispania. Na tangu 2023, asiyeweza kuongea, labda kwa sababu chumbani wamelala watu sita, anaweza kuandika ujumbe wenye neno moja, AYUDA, akautuma 988. Narudia kwa aliyekuwa anatafuta kalamu: 988, kisha 2. Kama una rafiki au mfanyakazi mwenzako Mlatino huko uliko, mwandikie kwenye karatasi, mpe mkononi, na siku mbili tatu baadaye muulize hali.

Wiki ijayo, saa kama hii, tutakaa na wakalimani Waswahili wa hospitali, tuwaulize kazi hiyo inawafanyaje wao wenyewe wanapokwenda kulala. Kama una swali kwao, tuandikie mapema.